Maswali ya Wasomaji: Upanga wa Zama za Kati Ulibebwaje?

Barua tulizozichagua safari hii zinauliza jinsi watu wa Ulaya ya Zama za Kati walivyobeba panga zao wakati hawapigani, yaani wakiwa njiani, juu ya farasi, ngazini au katikati ya watu. Baadhi ya barua tumezifupisha.

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaandika tamthilia ya kihistoria inayotokea Ufaransa katika karne ya 14. Shujaa wangu anasafiri kwa miguu akiwa na upanga mgongoni, na katika onyesho la pili anauchomoa kwa ghafla baada ya kuvamiwa na wanyang'anyi. Rafiki yangu anashikilia kwamba jambo hilo haliwezekani. Je, ana haki?

JIBU: Ndugu mwandishi, rafiki yako anaukaribia sana ukweli, ingawa kusema kwamba haliwezekani kabisa ni kukaza kamba kupita kiasi. Jambo hili huamuliwa na urefu wa mkono wa binadamu, wala ushujaa hausaidii. Mtu mzima akipeleka mkono nyuma ya bega ili ashike mpini, kiganja chake huwa karibu na sikio, na kutoka hapo mpaka mkono unyooke wote juu, kiganja husafiri sentimita 60 hivi, au 70 kwa mwenye mikono mirefu. Upanga wa mkono mmoja wa karne hiyo kwa kawaida ulikuwa na bapa la sentimita 70 hadi 80, na panga za mikono miwili zilifika sentimita 90 na zaidi. Kwa hiyo mkono humaliza safari yake kabla ncha haijatoka alani. Shujaa wako atabaki amesimama mkono juu, kwapa wazi, chuma kimekwama kisogoni, huku wanyang'anyi wakiwa na nafasi ya kutosha ya kuchagua mahali pa kumchoma.

Linganisha hali hiyo na upanga ulioning'inia kiunoni upande wa kushoto. Mkono wa kulia huanzia mbele ya tumbo, huvuka mwili na kunyooka upande wa pili. Kiwiliwili hugeuka pamoja nao, na papo hapo mkono wa kushoto huishika ala na kuivuta nyuma. Ukijumlisha miendo hiyo mitatu, hata bapa la sentimita 90 hutoka bila taabu. Kurudisha upanga nako kuna tofauti kubwa, kwa sababu mdomo wa ala iliyo kiunoni unaweza kuguswa kwa vidole na hata kutazamwa, ilhali mdomo wa ala iliyo mgongoni haumo machoni kabisa, na anayeutafuta kwa ncha kali huutafuta karibu na shingo yake mwenyewe.

Ushahidi wa wakati ule nao unaelekea upande huohuo. Katika Kitambaa cha Bayeux, kilichotariziwa karne ya 11, katika michoro ya Biblia ya Morgan iliyochorwa Ufaransa karibu mwaka 1250, na katika sanamu za makaburi ya wapiganaji zilizomo makanisani kote Ulaya Magharibi, upanga uliovaliwa unakaa ubavuni, na karibu kila mara ni ubavu wa kushoto. Wachoraji hao hawakuwa wavivu wa kuchora mambo madogo. Walionyesha mishono ya mikanda na mafundo ya kamba. Kama mgongo ungekuwa mahali pa kawaida pa kuvalia upanga, wangetuonyesha.

Hata hivyo, usimnyang'anye shujaa wako mgongo wake. Kubeba mzigo mgongoni ni jambo la busara kwa mtu anayetembea kutwa nzima, na upanga unaweza kuwa sehemu ya mzigo huo, mradi wewe na yeye mkubali kwamba kwa wakati huo ni mzigo tu. Akivamiwa, itambidi auteremshe wote, ala na mkanda, auchomoe akiwa ameushika mbele yake, kisha aitupe ala. Kwa maoni yangu onyesho hilo lina uzito zaidi jukwaani kuliko lile la kuchomoa kwa mkogo, kwani watazamaji wanaiona hatari katika zile nukta chache ambazo shujaa hana silaha. Ukitaka awe mwepesi zaidi, mpe upanga mfupi wenye bapa la chini ya sentimita 60, au mfanye aubebe mkononi.

Hiyo njia ya mwisho husahaulika mno, nayo ndiyo rahisi kuliko zote. Katika kanisa kuu la Naumburg nchini Ujerumani kuna sanamu za mawe za wafadhili wa kanisa hilo, zilizochongwa katikati ya karne ya 13, na miongoni mwao wamo wanaume walioshika panga zilizo ndani ya ala huku mkanda umezungushiwa ala yenyewe. Wamevaa mavazi ya heshima, hawamo vitani, na upanga wameuchukua kama mtu anavyochukua bakora yake. Upanga wa mkono mmoja aghalabu ulikuwa na uzito wa kati ya kilo 1 na kilo 1.5, uzito ambao mkono wa kushoto unauchukua kwa mwendo mrefu bila malalamiko, na wa kuuchomoa upesi zaidi ya huyo hayupo: mkono wa kulia unavuta, wa kushoto unaiachia ala.

SWALI: Ndugu Mhariri, kikundi chetu cha maigizo kimetengenezewa panga butu za jukwaani pamoja na ala za ngozi. Kila ala imefungwa kwenye mkanda kwa kitanzi kimoja karibu na mdomo wake. Zinaning'inia wima, zinatugonga miguu, na mwenzetu mmoja alijikwaa akishuka ngazi. Je, watu wa zamani walivumilia adha hii, au kuna jambo tumekosea?

JIBU: Ndugu zetu waigizaji, kosa ni la hicho kitanzi kimoja. Kitu kirefu kilichofungwa mahali pamoja tu hakina budi kuning'inia wima na kuyumba huku na huko, na kila hatua ya mguu wa kushoto hukipiga teke. Mafundi wa Zama za Kati walilitambua tatizo hili mapema, na sehemu kubwa ya historia ya mkanda wa upanga ni historia ya kuifunga ala mahali pawili badala ya pamoja.

Katika karne ya 12 na sehemu kubwa ya karne ya 13, mkanda ulikuwa wa vipande viwili, kimoja kirefu na kimoja kifupi, na vyote vilisokotwa kwenye ala yenyewe kwa vipande vyembamba vya ngozi vilivyopenyezwa na kukazwa. Kipande kifupi kilifungwa karibu na mdomo wa ala. Kile kirefu kilifungwa chini kidogo, kikazunguka nyuma ya mwili na kutokea mbele, ambako ncha yake iliyopasuliwa sehemu mbili ilipenyezwa katika matundu ya kile kifupi na kufungwa fundo. Hapakuwa na bizimu wala pete ya chuma. Kwa kuwa upande mmoja ulivuta mdomo wa ala mbele na upande mwingine ulivuta shina lake nyuma, upanga ulilala mshazari: mpini mbele ya nyonga, ncha nyuma ya kisigino. Ndiyo maana mguu ulipita bila kuugonga. Baadaye bizimu zikachukua nafasi ya fundo, na katika karne ya 14 vikaongezwa vikuku vya chuma na pete kwenye ala, ili mkanda uweze kuondolewa na kurudishwa bila kusokotwa upya.

Kwenu ninyi, dawa ni ileile. Ongezeni kifungo cha pili kwenye ala, shubiri moja hivi chini ya kile cha kwanza, kisha kamba yake izunguke nyuma na kushikamana na mkanda karibu na uti wa mgongo au upande wa kulia. Kadiri mnavyokishusha kifungo hicho cha pili, ndivyo upanga utakavyolala zaidi. Msizidishe, kwa sababu upanga uliolala sana hugonga milango na magoti ya mtu aliye nyuma, na jukwaani kuna watu wengi nyuma. Mshazari wa wastani, unaoiweka ncha kiasi cha hatua fupi nyuma ya kisigino, hutosha.

Liko pia suala la mkanda wenyewe. Mkanda mmoja ukibeba upanga na papo hapo ukibana kanzu, utalegea upande wa kushoto na kupanda upande wa kulia, na mavazi yote yatakwenda kombo. Vaeni mkanda wa upanga juu ya ule wa nguo, ukae chini ya kiuno, juu ya mifupa ya nyonga, na upande wa kulia mtundike kitu cha kusawazisha, kama vile mkoba wa fedha au jambia. Wapiganaji walivaa jambia upande wa kulia kwa sababu nyinginezo pia, lakini kila aliyewahi kuvaa upanga peke yake atawaambia jinsi mizani hiyo inavyopumzisha mgongo.

Kuhusu ngazi, mkono wa kushoto ukae juu ya mpini. Mnaposhuka, ukandamizeni mpini chini ili ncha inyanyuke na isiburuzike kwenye vidato vilivyo nyuma yenu. Mnapopanda, ushikeni karibu na mwili. Mkao huo wa mkono mnaouona katika picha nyingi za zamani, ambao watu hudhani ni wa majivuno, una kazi yake. Kuketi ni rahisi zaidi kwenye benchi lisilo na egemeo, kwani ncha hupita nyuma. Kwenye kiti chenye mikono, vueni upanga kabla ya kuketi, au mtaketi nusu.

Huenda mtashawishika kuiga ule mkanda mzito wa vipande vya chuma uliovaliwa chini kabisa nyongani katika nusu ya pili ya karne ya 14, kama unaoonekana kwenye sanamu ya kaburi la mwanamfalme Edward wa Uingereza, aliyefariki mwaka 1376 na kuzikwa Canterbury. Ni mzuri sana machoni. Lakini mkanda wa namna hiyo ulikaa mahali pake kwa sababu ulivaliwa juu ya deraya na koti lililobana mwili kama ngozi. Juu ya kanzu iliyolegea utateremka hadi magotini kabla ya onyesho la kwanza kwisha.

Mkanda wa begani, unaovuka kifua kutoka bega la kulia hadi nyonga ya kushoto, nao una historia ndefu kwa askari wa Roma na kwa Waarabu wa karne za mwanzo za Uislamu. Faida yake ni kwamba bega hubeba uzito vizuri kuliko kiuno. Hasara yake huonekana pale mvaaji anapokimbia au kuinama, kwa maana upanga wote hutelezea mbele na kumning'inia tumboni. Mkiutumia, kazeni mkanda wa kiuno juu yake ili usicheze.

SWALI: Ndugu Mhariri, je, mpanda farasi alivaa upanga mwilini au aliuweka kwenye tandiko? Na je, ni kweli kwamba zilikuwapo sheria zilizoeleza jinsi ya kuubeba?

JIBU: Ndugu msomaji, majibu ya maswali yako mawili yanakutana katika hati moja. Mwaka 1152 Mfalme Frederick wa Kwanza wa Ujerumani, yule aliyeitwa Barbarossa, alitoa amri ya kulinda amani nchini. Amri hiyo ilimkataza mkulima kubeba silaha, ama mkuki ama upanga. Aliyekamatwa nazo angenyang'anywa, au angelipa solidi 20, fedha ya wakati ule. Mfanyabiashara aliyekuwa akipita nchini kwa biashara yake aliruhusiwa kuwa na upanga, lakini si kiunoni. Alitakiwa aufunge kwenye tandiko lake au auweke juu ya gari lake, na amri yenyewe inataja sababu: asimdhuru mtu asiye na hatia, ila aweze kujilinda dhidi ya mnyang'anyi.

Ninaipenda amri hii kwa sababu aliyeitunga alielewa kwamba mahali pa upanga ni kipimo cha muda. Upanga wa kiunoni unatoka kwa kufumba na kufumbua, hata katika ugomvi wa kileoni ambao asubuhi kila mtu angeujutia. Upanga uliofungwa kwenye tandiko unahitaji mtu arudi kwa farasi wake, afungue kamba, avute. Hasira inapata nafasi ya kupoa, ilhali mnyang'anyi wa barabarani, ambaye huonekana akija, bado anaweza kukabiliwa. Miji nayo ilikuwa na hofu iyo hiyo. Amri za mwaka 1285 za jiji la London zilimkataza mtu kuzurura mitaani akiwa na upanga au ngao ndogo baada ya kengele ya usiku kulia.

Kwa upande wa manufaa, tandiko lina mengi ya kujivunia, na nadhani waandishi wa hadithi wamelidharau. Mpanda farasi haubebi uzito wowote, ala haimchapi farasi ubavuni kila anapokimbia, na hata upanga mrefu mno kwa kiuno unapata nafasi. Panga ndefu nyembamba za kuchomea, zilizokusudiwa kupenya kati ya pete za deraya, zilifaa sana kubebwa hivyo, na katika karne ya 16 na ya 17 wapanda farasi wa Poland bado walifunga panga za aina hiyo kwenye tandiko huku upanga mwingine, ule wa kukatia, ukiwa kiunoni.

Mpangilio huo wa panga mbili unaonyesha udhaifu wa tandiko. Farasi akiuawa, akikimbia au akimwangusha bwana wake, silaha ya tandikoni inakwenda naye. Kwa hiyo mpiganaji aliyekuwa akielekea vitani alihakikisha kwamba upanga mmoja unabaki mwilini. Hofu ya kuupoteza ilikuwa kubwa kiasi kwamba katika karne ya 14 wapo walioufunga mpini kwa mnyororo uliotoka kifuani mwa deraya, ili upanga ukiponyoka usianguke chini ya kwato. Sanamu kadhaa za makaburini zinaionyesha minyororo hiyo. Haikudumu sana, na si ajabu, maana mnyororo ule unaomwokoa mtu na hasara ndio unaoweza kunasa kwenye hatamu au kwenye silaha ya adui.

SWALI: Ule upanga mkubwa wa mikono miwili, unaomfikia mtu kidevuni, ulivaliwaje?

JIBU: Haukuvaliwa. Panga hizo, ambazo ziliwapa sifa askari wa kukodiwa wa Kijerumani mwanzoni mwa karne ya 16, zilikuwa na urefu unaokaribia au kupita mita 1.6 na uzito wa kilo 2 hadi 3.5 hivi, nazo zilibebwa begani kama mkuki, bila ala. Zisichanganywe na upanga wa mikono miwili wa karne ya 14 na 15, wenye urefu wa jumla wa mita 1.1 hadi 1.3, ambao bado uliweza kukaa kiunoni, ingawa mtu mfupi alipaswa kuuangalia kila anapogeuka mlangoni.

SWALI: Nimeshonewa ala ya ngozi kwa ajili ya upanga wangu wa maonyesho. Baada ya msimu wa mvua nimekuta bapa lina kutu, ingawa lilikuwa ndani ya ala muda wote. Imekuwaje?

JIBU: Limepata kutu kwa sababu lilikuwa ndani ya ala muda wote. Ngozi hunyonya maji na kuyashikilia, na dawa zinazotumika kuitengeneza huweza kula chuma. Ala nyingi nzuri za Zama za Kati hazikuwa ngozi tupu. Zilikuwa vibao viwili vyembamba vilivyobandikwa pamoja, ndani vikatandikwa manyoya mafupi au kitambaa, na nje vikavikwa ngozi, huku ncha ikilindwa na kifuniko cha chuma. Panga nyingi zilikuwa pia na kipande cha ngozi kilichofungwa kwenye chuma cha kukingia mkono, kikaufunika mdomo wa ala ili mvua isitiririkie ndani. Mwombe fundi wako akushonee kipande hicho, kwani ni kazi ndogo. Bapa lisugue, lipake mafuta, ulihifadhi nje ya ala, na ala yenyewe uianike kivulini.

SWALI: Mimi hutumia mkono wa kushoto. Je, ninaweza kuvaa upanga upande uleule wa kushoto ili nifanane na wenzangu kwenye gwaride?

JIBU: Unaweza, ikiwa bapa ni fupi. Askari wa miguu wa Roma katika karne ya kwanza walivaa upanga upande wa kulia na kuuchomoa kwa mkono huohuo wa kulia, wakiugeuza mpini na kuusukuma mbele na juu, na waliweza kwa sababu bapa lilikuwa la nusu mita hivi. Kwa upanga wa sentimita 75 utahangaika. Uvae upande wa kulia, na uombe kusimama mwisho wa mstari upande wa kulia, ili ncha yako isigongane na miguu ya jirani.